Kikombe Bila Maziwa

Asubuhi ile Mlima Meru haukuwepo. Ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa umeukunja kama kanga na kuuweka pasipojulikana, na mji wa Arusha ulitembea polepole, taa za magari bado zinawaka, kama mtu aliyeamshwa kabla hajafika mwisho wa ndoto yake. Bi Swabaha alisukuma mlango wa mgahawa wa Iqbal, jirani na Soko Kuu, akaketi meza ya dirishani. Miaka mingi alikuwa mpelelezi wa polisi. Sasa amestaafu, na watu wenye jambo la kuchunguzwa bila makelele humfuata nyumbani kwake Kaloleni.

Iqbal mwenyewe alileta birika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda, Iqbal."

"Nitaachaje kukonda? Onja kwanza, halafu tuongee. Usitie maziwa."

Mvuke ulipanda ukatanda kwenye kioo cha dirisha, na watu waliopita nje wakageuka vivuli. Chai iliyotoka kwenye birika ilikuwa nyeusi, nzito, isiyong'aa. Juu yake ulielea utando mwembamba uliopasuka kijiko kilipougusa. Bi Swabaha alikunywa funda moja, akalishikilia mdomoni, akalimeza. Ulimi ulibaki na ladha ya majivu.

"Hii ndiyo waliyokunywa wageni?"

"Ndiyo hii."

Katikati ya meza kulikuwa na kadi ndogo. Kwa Iqbal kila kitu kina kwao: sukari ina kadi yake, asali ina kadi yake, na kadi ya chai ina picha ya viganja vya mwanamke na maneno haya: Imechumwa na kina mama wa Kikundi cha Mwanzo Mpya, Meru. Wamelipwa wanachostahili. Pembeni kulikuwa na alama ya Jani Jema, inayopewa chai ambayo haijamdhulumu mtu. Wapo waliotoka mbali, wakapita migahawa mingine yote, ili tu wanywe hapo kwa moyo mweupe.

"Watu wa Jani Jema walikuja kukagua mwaka jana," Iqbal alisema, "wakanywa hadi chini, wakaomba tena. Safari hii wameonja, wakatazamana, wakaweka vikombe. Wakaniambia kina mama wamechanganya majani makuukuu ya kiwandani. Asipopatikana aliyechanganya, alama inaondoka, na kikundi kinakwisha."

"Na wewe ukaamini?"

"Mama, nilifungua magunia yote. Lakiri nzima, hakuna iliyoguswa. Nikapika kutoka kila gunia, hapa hapa jikoni kwangu. Ladha hiyohiyo. Basi si mjini, wala si njiani. Ni huko juu. Na huko juu anayekausha na kufunga magunia ni mtu mmoja. Jackline."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anakataa, halafu ananyamaza. Leo kamati yao inakaa. Jioni mwenyekiti wa kijiji anampeleka kituoni. Ni mjane, mama, ana mtoto mdogo. Mimi sitaki kumfunga mtu asiye na kosa. Wala sitaki kuuza uongo kwenye kikombe cha haki."

"Wateja wako wa kila siku wamelalamika?"

"Hata mmoja."

"Wanakunywaje?"

Iqbal aliliona swali hilo la ajabu. "Kama watu wote. Maziwa, sukari, tangawizi."

Bi Swabaha alitandika leso nyeupe mezani, akamwaga konzi ya majani kutoka gunia lililofunguliwa. Akayatenga kwa ncha ya kijiko. Yalikuwa yamejisokota vizuri, marefu, membamba kama kucha za paka. Akanusa. Akavunja moja. Akayarudisha, akajaza mengine kwenye kikopo chake cha bati na kukifunga.

Zamda, mpishi, alitokea na sahani ya maharage na chapati. "Kula kwanza, bibi. Huko mlimani baridi haina adabu."

Maharage yaliyeyuka mdomoni. Bi Swabaha aliyatazama. "Umeyaloweka tangu jana?"

"Niloweke? Siloweki siku hizi! Nikiyakaripia tu yameiva. Gesi inabaki, bosi anacheka."

"Tangu lini?"

"Tangu Idi hivi. Mkono umekuwa mwepesi, bibi, ni baraka zangu za mfungo."

"Mashallah. Basi nijazie na chupa yangu hii maji ya hapo jikoni. Vidonge vyangu vya presha vitanidai njiani."

*

Pikapu ya Lesian ndiyo iliyobeba magunia ya kikundi tangu chai yao ianze kuuzwa, kwa hiyo Bi Swabaha alitaka kupanda nayo, njia ileile. Waliishika barabara ya Moshi. Migomba ya Tengeru ilitokea kwenye ukungu mmoja mmoja, kama wazee wanaorudi kutoka msibani, ikapungia, ikapotea. Lesian alikuwa kijana wa Kiarusha, mrefu hata magoti yake yaligusa usukani.

"Magunia unayapokea kwa nani?"

"Kwa Mama Eliamini, bibi. Yule Tabea, mwenyekiti wa kikundi. Mlangoni kwake, lakiri imeshabanwa."

"Unasimama wapi njiani?"

"Sisimami."

"Lesian, mimi nilianza kuhoji watu kabla mama yako hajakunyoa nywele za kwanza."

Kijana alikohoa. "Sokoni Maji ya Chai. Kidogo tu."

"Kidogo cha nini?"

"Cha Silantoi. Anauza maziwa pale."

"Na gari analinda nani?"

"Yeye mwenyewe. Silantoi akilinda gari, bibi, hata inzi anaomba ruhusa."

Bi Swabaha alicheka hadi mtandio ukaanguka. Kisha akafungua chupa, akameza kidonge. Maji yaliteleza kwenye ulimi kwa namna ya pekee, kama maji yaliyopita kwenye sabuni. Akaiinua chupa kwenye mwanga. Yalikuwa meupe, safi, hayana hata kijidudu.

"Siku zisizo za chai unabeba nini?"

"Maji ya bosi Iqbal. Tangu Idi ameacha yale ya machupa ya plastiki, anasema yanajaza taka mitoni. Ananunua kwa kina mama wenye kisima chao, huko chini tambarare, ukishapita Nduruma. Anawalipa vizuri mpaka wanamwombea dua. Hata kadi yao ya mezani ameshaiagiza. Siku za chai napanda mlima, siku za maji nashuka bonde. Mimi ni mtu wa haki kupanda na kushuka."

Bi Swabaha aliifunga chupa kwa nguvu, akaiweka mfukoni mwa koti, karibu na kikopo.

Sokoni Maji ya Chai ukungu ulikuwa umeshuka hadi mabegani mwa watu. Vichwa vilielea juu ya mafungu ya nyanya na ndizi. Silantoi alikuwa nyuma ya madumu yake ya maziwa, shanga shingoni, shuka la bluu limemfunika hadi kidevuni.

"Umeniletea na shahidi leo?" alimwambia Lesian. "Unaogopa kuja peke yako?" Kisha akamwona vizuri Bi Swabaha. "Shikamoo, bibi. Samahani."

"Marahaba, mwanangu. Lesian anaposimama hapa na magunia, nani huyagusa?"

"Nani ayaguse? Mimi nakaa juu yake nikihesabu uongo wa huyu." Akasita. "Lakini kama ni ile habari ya Jackline, nilichoona nitakisema. Nilimwona akipokea kiroba kwenye basi lililotoka Tanga. Akakifunika na kanga, akapita nyuma ya vibanda kama mtu aliyeiba kuku. Huko Lushoto si ndiko kwenye chai nyingi?"

"Ulimwambia nani?"

"Niliwaambia kina mama wa kikundi, waliponiuliza." Silantoi aliangalia chini. "Sikujua itakuwa hivi."

*

Walikunja kushoto, wakaacha lami. Gari lilipanda katikati ya masale ya mipakani na mibuni, na kadiri lilivyopanda ndivyo ukungu ulivyong'aa, kana kwamba jua lilikuwa limelala ndani yake na linajigeuza. Uani kwa Tabea, kina mama wa kamati walikuwa wamekwisha kaa kwenye mabenchi ya kanisani, wamejifunga vitenge. Nyuma yao ilipanda mistari ya chai, kijani kilicholowa, hadi mahali ambapo macho yaliishia kwenye weupe mtupu.

Tabea alikuwa mama mrefu, mkavu, aliyenyooka kama mti wa bendera. Eliamini, mwanawe wa kwanza, alifariki mwaka juzi. Jackline ni mjane wake. Hilo Bi Swabaha alilipata kabla hajaketi, maana Tabea alilisema mwenyewe.

"Uelewe tangu mwanzo, dada yangu. Huyu binti ni mkwe wangu. Ndiyo maana siwezi kumfunika. Nikimfunika, hawa wenzangu watasema mwenyekiti anakula na mkwewe."

"Umemwona akichanganya?"

"Sijamwona. Lakini lakiri ni nzima, na kiroba cha Tanga kimeonekana. Nimemuuliza kilikuwa na nini, hasemi. Mtu asiye na kosa anafungaje mdomo?"

Chai ililetwa, nyeupe kwa maziwa, tangawizi ikinukia hadi nje ya ua. Bi Swabaha aliinusa, akairudisha mezani taratibu.

"Mama Eliamini, naomba ya rangi."

Mabenchi yalitikisika.

"Ya rangi?" Tabea alishika kifua. "Kwa mgeni? Watu wasemeje, ng'ombe zangu wamekufa?"

"Naiomba mwenyewe."

"Hata kama! Chai ya rangi hapa anapewa mtu anayedaiwa, ili aondoke mapema!"

Kina mama walicheka, kicheko kifupi kilichojutia kutoka. Bi Swabaha naye akatabasamu. "Haya, tuiache kwanza. Wageni wa Jani Jema walipopanda hapa mwaka jana mliwapa nini?"

"Maziwa tupu, chai kwa mbali. Wageni wa heshima wale."

"Nanyi wenyewe mnakunywaje?"

"Swali gani hilo? Kama unavyoona."

"Nionyesheni kwa Jackline."

Banda la kukaushia lilikuwa nyuma ya nyumba. Majani mabichi yalilala kwenye vichanja yakinyauka, na hewa ya ndani ilikuwa tamu, nzito, kama chumba alimolala mtoto mchanga. Jackline alikuwa akisokota majani kwa viganja, mtoto amefungwa mgongoni, amelala. Vile viganja vya kwenye kadi. Alimwamkia Bi Swabaha bila kuacha kazi.

"Majani haya hupitia wapi?"

"Yananyauka hapa usiku kucha, bibi. Asubuhi nayasokota. Nayaacha yabadilike rangi, halafu nayakausha kwa moto wa pembeni, yasipate moshi. Yakipoa nayafunga. Mama anabana lakiri."

"Umewahi kuongeza kitu?"

"Sijawahi."

"Kiroba cha Tanga?"

Viganja vilisimama.

"Jackline, mwenyekiti wa kijiji anakuja jioni hii. Ukienda kituoni, huyo aliyelala mgongoni atabaki na nani?"

Binti alitazama mlangoni. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge, akatangulia. Nyuma ya banda, chini ya majani makavu ya migomba, kulikuwa na kitalu kidogo cha mchanga uliolowa. Jackline alipiga magoti, akafukua kwa kidole, akatoa kokwa ya kahawia iliyo duara, ngumu. Bi Swabaha aliipasua kwa kisu chake cha mfukoni. Ndani ilikuwa nyeupe, yenye mafuta, na kichipukizi kimeanza kunyoosha shingo.

"Mbegu za chai," alisema.

"Kiroba kizima. Nimezipata kwa mtu wa huko Lushoto."

"Kwa nini uzifiche? Mbegu si wizi."

Jackline alipangusa mchanga magotini. "Bibi, wewe ni wa mjini. Huku, anayechuma ni yeyote. Anayekausha ni yeyote. Lakini anayepanda kitu cha kudumu, huyo anasema ardhi ni yake. Eliamini alipofariki niliambiwa nikae, nifanye kazi, nilee mtoto. Nashukuru. Nikionekana na mbegu, watasema mjane anajigawia shamba kaburi halijaota nyasi. Mama atanitoa. Nilitaka kwanza zichipue, ndipo nimwombe."

"Kwa hiyo umechagua kuitwa mwizi wa majani?"

"Mwizi wa majani anaweza kusamehewa," Jackline alisema. "Mwizi wa shamba hasamehewi."

Mtoto alijinyoosha mgongoni, akalala tena. Bi Swabaha alirudishia mchanga juu ya mbegu, akaulainisha kwa kiganja.

"Kina mama watauliza. Hilo utalijibu mwenyewe. Lile la majani niachie mimi. Nipe konzi moja ya yaliyokwisha kauka hapo bandani, na maji mnayonywa hapa."

*

Jikoni kwa Tabea, sufuria mbili zilichemka juu ya mafiga mawili. Kina mama wote walijibana mlangoni. Maji yalitoka kwenye mfereji unaoshuka kutoka msituni, na yalipochemka yalitoa sauti nyembamba kama mtu anayeimba peke yake. Bi Swabaha alitia majani ya kikopo chake, yale yaliyotoka mgahawani kwa Iqbal, katika sufuria ya kwanza. Ya bandani kwa Jackline akayatia katika ya pili. Akasubiri. Akachuja kwenye vikombe viwili vya bati, akafunga uzi mwekundu kwenye kimojawapo akiwa amewapa mgongo.

"Angalieni."

Vikombe vyote viwili vilikuwa na rangi ya asali iliyoshikwa na jua. Mtu angeweza kuona chini, michirizi ya bati na yote.

"Onjeni. Kipi cha gunia lililofika mjini, kipi cha hapa?"

Mama wa kwanza alionja kama anayekunywa dawa. Akafumba macho. Akaonja tena. "Vyote ni kitu kimoja hivi."

Wa pili akasema vivyo hivyo. Wa tatu alitaka kunywa hadi chini, wakamnyang'anya.

"Basi majani yaliyofika mjini ndiyo haya haya," Bi Swabaha alisema. "Hayakuchanganywa juu, hayakubadilishwa njiani. Lakini leo asubuhi nimeyanywa kwa Iqbal, na yalikuwa meusi, yana ladha ya majivu. Sasa, kitendawili!"

"Tega!" waliitika wote, hata Tabea, maana mdomo umezoea.

"Chakula kikisifiwa hatajwi. Chakula kikitukanwa hatajwi. Naye ndiye aliyekaa chunguni tangu mwanzo."

"Chumvi!"

"Chumvi mnaitukana kila siku."

"Moto!"

"Moto uko nje ya chungu."

"Mwiko!"

"Mwiko unakaa tangu mwanzo kwako wewe tu, Mama, ndiyo maana unaungua."

Wakacheka. "Basi tunakupa mji. Chukua Moshi!"

"Moshi ina baridi na mimi nina presha. Sitaki mji, nataka mtoe jibu."

Jackline alikuwa amesimama nje ya mlango. "Maji," alisema kwa sauti ndogo.

Bi Swabaha alitoa chupa mfukoni. "Haya yametoka jikoni kwa Iqbal. Zamda, mpishi wake, haloweki maharage tena. Anasema ni baraka. Lesian anayachota maji haya kwenye kisima cha tambarare tangu Idi. Wageni wa mwaka jana walikuja kabla, wa mwaka huu wamekuja baada. Nyie wapishi, kitu gani huivisha maharage bila kuloweka?"

Macho ya kina mama yalipanda darini.

Aliyachemsha maji ya chupa, akatia majani ya Jackline, yale yale ya bandani, mbele yao wote. Rangi ilikuja nzito, ikazama, ikawa nyeusi isiyo na mng'ao. Utando ukajikunja juu. Tabea aliinama juu ya sufuria muda mrefu. Kisha akainuka, akafikia kijungu kilichokuwa darini, akatoa kipande cha magadi, akakidondosha ndani ya kikombe chenye uzi mwekundu, chai yake bado rangi ya asali.

Kikombe kiligeuka kuwa usiku mbele ya macho yao.

"Mungu wangu," mmoja alisema.

"Kisima kile kina magadi, na mjini wote wanatia chai maziwa na tangawizi," Bi Swabaha alisema. "Nani angejua? Wageni wale walikuwa wa kwanza kuinywa ilivyo tangu maji yalipobadilika. Iqbal naye alipotaka uhakika, aliipima kwa maji yale yale."

Alitoka uani, akampigia Iqbal simu, akamweleza yote. Upande wa pili zilisikika sauti za vijiko.

"Mimi?" Iqbal alisema hatimaye. "Mama, maji yale niliyanunua kwa wema."

"Najua."

"Sasa niwaambie nini watu wa Jani Jema?"

"Kwamba majani ni safi, na maji ni wewe uliyeyaleta. Na useme leo, kabla mwenyekiti wa kijiji hajafika huku."

"Wakiicheka kadi yangu?"

"Wacha wacheke. Huku kuna mtu angelala rumande."

Iqbal alivuta pumzi. "Nawapigia sasa hivi. Na wale kina mama wa kisima, niwaache?"

"Kwa nini uwaache? Chai ipikie maji ya mlimani, maharage yabaki na ya kwao. Muulize Zamda."

Aliporudi, ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. Kina mama walikuwa wamemzunguka Jackline, wanamshika mabega, wanasema kwa mpigo. Rudi kazini. Yamekwisha. Tulikosea, mwanetu. Mmoja akauliza, kwa kuwa lazima awepo wa kuuliza, "Na kiroba je?"

Bi Swabaha alijifunga mtandio. "Kiroba nimekiona. Hakina jani hata moja. Kilichomo ni cha Jackline kusema."

Jackline alimtoa mtoto mgongoni, akampakata. Hakujibu la kiroba kwanza.

"Nimekausha chai yenu tangu Eliamini akiwa hai," alisema. "Mmeiuza. Mmepigwa picha nayo. Leo asubuhi mlikuwa tayari kunipeleka polisi kwa ladha yake. Kabla ya leo, nani kati yenu alikuwa ameionja?"

Ng'ombe alilia zizini.

"Na kiroba ni mbegu," akaendelea. "Mbegu za chai. Nilitaka kupanda, mama. Nilijua nikikuomba utakataa, na nikipanda bila kuomba utanitoa. Kwa hiyo nikaficha. Kama nitaondoka kwa hilo, niondoke kwa hilo, si kwa majivu."

Macho yote yalihamia kwa Tabea. Yeye alitazama mlima. Ukungu ulikuwa umefunua bega moja la Meru, jeusi, lililolowa, likielea juu ya nyumba bila kitu chini yake. Alikaa kwenye benchi taratibu, kama mtu asiyeamini kwamba benchi lipo.

"Nimiminie," alisema.

Jackline hakuelewa.

"Ile ya rangi. Nimiminie."

Jackline alimkabidhi mama mmoja mtoto, akaingia jikoni, akarudi na kikombe. Tabea alikipokea kwa mikono yote miwili. Alikunywa kidogo, akatulia. Akanywa tena. Mvuke ulimpanda usoni, na hakuna aliyeweza kusema kama kilichokuwa mashavuni mwake ni mvuke.

"Kumbe inanukia hivi," alisema.

Alikunywa hadi mwisho, akakishika kikombe kitupu magotini.

"Ule mstari wa juu kabisa. Eliamini aling'oa mibuni, akaacha wazi. Hajawahi kuniambia alitaka kupanda nini." Akanyoosha kidole kuelekea bega la mlima. "Mbegu zako zitapata jua pale. Utapanda, na shamba hilo litakuwa lako na la huyu mtoto. Wenzangu hawa wamesikia."

"Tumesikia," walisema kina mama.

Jackline alifunika mdomo kwa kitenge.

Chini barabarani pikipiki ya mwenyekiti wa kijiji ilisikika ikipanda. Tabea hakugeuka.

"Akifika, mpeni chai," alisema. "Ya rangi."

Zizini ng'ombe walikuwa wakilia kukamuliwa, viwele vimejaa. Hakuna aliyeinuka.